Video ya Sekunde 41: Mbongo wa Texas, Darubini ya Joto na Usiku Ambao Mkewe Hausahau

Kuna ndoa moja ya Wabongo kule Houston, Texas, ambayo mwanzoni mwa mwaka ilining'inia kwenye uzi karibu miezi miwili. Mashoga wa mke walidhani ni mchepuko. Washkaji wa mume walidhani ni madeni. Kumbe kisa kizima kilikuwa video ya sekunde 41, haina sauti, haina hata rangi, ina vitone vyeupe tu vinacheza kwenye ukijivu.

Majina kapuni. Mume ni mtoto wa Tanga, miaka arobaini na kitu, dereva wa malori ya masafa marefu. Mke naye ni wa hukohuko Tanga, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Wana kijana wa kiume wa miaka 15 na mabinti wawili wadogo. Kwa wale wanaodhani majuu ni kula bata tu, hawa ni wabeba boksi wa ukweli: anayelala usiku halali mchana, na anayelala mchana hana uhakika wa usiku.

Miaka michache nyuma walijichanga wakanunua shamba la ekari 11 karibu na mji mdogo wa Navasota, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Houston. Wakaweka trela la kulala, wakajenga banda, wakaanza kufuga mbuzi. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Houston imejaa watu wanaokula mbuzi, Wasomali, Wapakistani, Wanaijeria, Wabongo wenyewe. Ikifika Idi Kubwa, mwenye mbuzi ndiye bosi.

Shida ikaja usiku. Nguruwe pori.

Ukisikia nguruwe pori wa Texas usifikirie ngiri wa Mikumi anayekimbia na mkia juu. Hawa ni uzao wa nguruwe wa kufugwa waliokuja na Wahispania karne nyingi zilizopita wakatoroka, halafu miaka ya 1930 wenye mashamba wakaleta nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwindwa, wakachanganyikana. Leo jimbo hilo linakadiriwa kuwa nao zaidi ya milioni 2. Wanatembea kwa makundi, wanachimbua malisho kwa pua mpaka asubuhi utadhani trekta limepita, na wakikuta kitoto cha mbuzi kimezaliwa usiku wanakila.

Ndiyo maana serikali ya Texas imelegeza kamba. Tangu Septemba 2019, mtu yeyote mwenye ruhusa ya mwenye ardhi anaweza kuwaua kwenye shamba binafsi bila leseni ya uwindaji. Mwaka mzima, hakuna idadi, na usiku ruksa.

Jamaa ni mtu wa Pwani, mnyama huyo kwao hata kumtaja jina ni shughuli. Lakini msimu mmoja alipoteza vitoto sita vya mbuzi, akaona hapa dini haikatazi kulinda mali. Akanunua raifo. Nyama angemwachia jirani yake, mzee Mzungu wa miaka sabini na kitu, fundi wa kuchoma, ambaye kila akipewa nguruwe alikuwa anarudisha mayai trei mbili.

ALIVYOINGIA MKENGE

Mwanzo alitumia tochi. Usiku wa kwanza akapata mmoja. Usiku wa pili kundi zima lilikimbia mara tu mwanga ulipogusa majani. Nguruwe si mjinga, anajifunza haraka.

Hapo ndipo akaanza kukesha YouTube kwenye vituo vya malori, anaangalia video za darubini za usiku. Na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu ziko za aina mbili na hazifanani kabisa.

Ya kwanza inakuza mwanga. Inachukua mwanga kidogo wa nyota au mwezi inauongeza, ndiyo ile picha ya kijani ya kwenye sinema za vita. Siku hizi kuna za kidijitali ambazo zinafanya kazi kama kamera, na unaziongezea taa ya miale ambayo jicho la mtu halioni vizuri. Hii inakuonyesha sura ya kitu: macho, pembe, waya wa uzio, kofia ya mtu. Ubaya wake ni kwamba mnyama akitulia kwenye kichaka, unampita bila kumuona.

Ya pili ni ya joto. Hiyo haihitaji mwanga wowote. Inasoma joto linalotoka kwenye kila kitu na kulichora. Nguruwe aliyejificha kwenye majani anang'aa kama balbu, mchana au usiku, hata giza liwe la namna gani. Lakini inachokuonyesha ni joto tu. Haioni kupitia kioo, ukiwa ndani ya gari ukaielekeza dirishani unaona ukungu na labda joto la uso wako mwenyewe. Waya wa uzio uliopoa hauonekani. Mtu aliyevaa koti zito anaonekana uso na mikono, kiwiliwili kinafifia.

Jamaa alichagua ya joto, na hakukosea kwa kuwatafuta nguruwe. Kosa lilikuwa namna alivyochagua. Tangazo lilisema darubini ile inagundua mtu umbali wa mita 1,200. Yeye shamba lake lote halifiki hata mita 400 kutoka kona hadi kona. Akaona hii ni zaidi ya inavyohitajika, imeisha hiyo.

Bei, dola 1,900. Karibu milioni 5 za madafu. Na hela hiyo ilikuwa na kazi yake tayari: kupaua nyumba ya mama mkwe kule Tanga. Mke alipouliza, akaambiwa mbuzi wakipona Idi ijayo wataezeka hata nyumba mbili. Mke akanyamaza. Wanaomjua wanasema huyo mama akinyamaza, usidhani yameisha.

UMAARUFU WA STATUS

Mzigo ulipofika, jirani alimsaidia kuifunga juu ya bunduki na kuilenga. Shabaha ya karatasi haionekani kwenye darubini ya joto kwa sababu karatasi na ubao vina joto moja, kwa hiyo walibandika vile vipakiti vya kupasha mikono wakati wa baridi, kimoja katikati ya ubao, mita 90, wakapiga mpaka risasi zikaanza kuangukia palepale.

Wiki hiyohiyo akaangusha nguruwe watatu. Darubini ina kitufe cha kurekodi, na inaongea na simu. Jamaa akatupia kipande kwenye status ya WhatsApp. Weupe juu ya weusi, msalaba katikati, mnyama anaanguka. Simu ikalipuka.

"Braza, hiyo kitimoto yote unampa Mzungu?"

"Kaka umekuwa komando lini?"

Kuanzia hapo, waliokaa naye karibu wanasema mambo yalibadilika kidogo kidogo. Alikuwa haendi tena kulinda mbuzi, alikuwa anaenda kutafuta kipande cha status. Kabla hajalenga, kidole kinatangulia kwenye kitufe cha kurekodi.

Kuna binamu yake mmoja Handeni, anayelia kila msimu na nguruwe kwenye mahindi, akamwomba amtumie moja kama hiyo kwenye begi la mtu anayerudi Bongo. Jamaa nusura akubali. Jirani ndiye aliyemzuia. Kutoa darubini za namna hiyo nje ya Marekani bila kibali cha serikali ni kosa la shirikisho, na haliangalii kama unampelekea binamu au jeshi la mtu. Na hata ingefika, Tanzania kuwinda wanyamapori usiku ni kosa. Huku kwetu vifaa hivi viko zaidi upande wa pili, kwa askari. Maasai Mara kule Kenya walifunga kamera za joto mwaka 2016 kwa msaada wa WWF, zinamsoma jangili gizani kabla hajamfikia tembo.

Binamu akanuna. Jamaa akaendelea kutupia status.

USIKU WENYEWE

Ilikuwa Januari, wikiendi. Mke yuko zamu Houston, mabinti wako kwa jirani wa mjini. Baba na kijana wako shamba. Baridi ilikuwa imeshuka chini ya sifuri na ukungu umetanda juu ya bwawa. Mbuzi mmoja alikuwa na mimba kubwa, na siku mbili nyuma nyayo za nguruwe zilikuwa zimezunguka banda.

Baba akamwambia kijana alale. Yeye akabeba kiti, blanketi na chupa ya chai, akaenda kukaa kwenye kimwinuko upande wa pili wa bwawa. Simu akaizima sauti akaiweka kifudifudi ili mwanga wake usimharibie macho.

Saa saba na nusu usiku akaona joto.

Lilikuwa karibu na banda, chini chini. Dude moja linang'aa kidogo, limeinama, na pembeni yake vitu vidogo viwili vyeupe zaidi. Moyo ukamdunda. Nguruwe jike na watoto wake, na wako kwenye geti la mbuzi. Akakuza picha mara nne. Dude likawa kubwa, lakini halikuwa wazi zaidi, vimiraba tu viliongezeka ukubwa.

Akabonyeza kitufe cha kurekodi. Akaondoa kifungo cha usalama. Akaweka kidole kwenye triga.

Sasa, hizi darubini zina tabia moja ambayo kwenye matangazo huisikii. Kila baada ya dakika kadhaa kipazia kidogo cha ndani hujifunga ili kifaa kijirekebishe. Unasikia "tik", picha inaganda kwa muda mfupi sana, halafu inarudi. Wawindaji wengi wanaichukia. Wanailaani. Kuna wanaoizima kabisa wasije wakapitwa na mnyama.

Yeye hakuwa ameizima, kwa sababu hakujua inazimwaje.

Tik. Picha ikaganda. Akasubiri.

Iliporudi, nguruwe alikuwa amesimama kwa miguu miwili.

Jamaa anasema hakumbuki kuiweka bunduki chini. Anakumbuka tu yuko magotini kwenye majani yenye barafu anatapika chai.

Yule alikuwa mwanawe. Mbuzi alikuwa ameanza kuzaa, kijana akasikia akiwa kitandani, akavaa koti lake zito lenye kofia, akachemsha maji akayatia kwenye ndoo na kwenda bandani. Kile alichokiona baba kuwa ni nguruwe jike ni kijana aliyeinama, koti limemficha joto, umebaki uso na mikono. Kile kitoto kimoja cha nguruwe ni ndoo ya maji ya moto. Cha pili ni kitoto cha mbuzi kilichotoka kuzaliwa, bado kinatoa mvuke.

Alipogeuza simu akakuta ujumbe umefika saa saba na dakika 12. "Baba yule mbuzi anazaa natoka nje usije ukashtuka."

KIMYA CHA WIKI TATU

Hakumwambia mtu. Alienda bandani, akamsaidia kijana kukausha kitoto kwa taulo, kijana anafurahi, anamuonyesha, "Baba ona, dume hili." Baba anaitikia tu. Kijana akamuuliza mbona anatetemeka, akasema baridi.

Asubuhi akafuta ile video kwenye darubini. Alichosahau ni kwamba programu ya darubini ilikuwa imeshaivuta kwenye simu, na simu inatunza kila kitu kwenye akaunti moja ya familia, ileile ambayo mabinti wanaangalizia katuni kwenye tableti.

Wiki tatu baadaye mama watoto ametoka zamu, anamtafutia binti mdogo katuni yake, akaikuta.

Mara ya kwanza aliiangalia akacheka. Nguruwe huyo. Mara ya pili akaona anasimama. Mara ya tatu akaona anavyotembea kuelekea getini, anarusha bega la kushoto mbele kama anasukuma mlango. Hakuna mtu mwingine duniani anayetembea vile isipokuwa babu yake, aliyeko Tanga. Na msalaba wa shabaha uko katikati ya mgongo wake.

Jamaa alikuwa njiani na lori, yuko Oklahoma. Simu ikaita.

"Baba watoto, huyu kwenye video ni nani?"

Kimya.

"Nakuuliza wewe. Huyu ni nani?"

Akasema. Hakuficha tena. Mke akakata simu. Aliporudi Houston baada ya siku mbili alikuta nyumba tupu, mke kachukua watoto wote watatu kaenda kwa dada yake Dallas.

Hapo ndipo maneno yakaanza mjini. Wazee wa jumuiya wakaingilia, wakatuma watu, shemeji zake wakapiga simu kutoka Tanga. Mke alikuwa na jibu moja kwa wote: "Sijasema simtaki. Nimesema sijaelewa."

ALITAKA AONE MWENYEWE

Mwisho wa Februari akarudi, lakini hakwenda nyumbani. Alimwambia mumewe wakutane shamba, usiku, na ile darubini iwepo lakini isiwe juu ya bunduki. Akamwomba na yule mzee jirani awepo.

Alikaa kwenye kiti kilekile. Mzee akachukua ndoo ya maji ya moto akaenda mpaka getini pa mbuzi. Kabla ya hapo alikuwa amepima kwa kifaa chake: mita 260.

Wakamwambia aangalie. Pale getini palikuwa na vitu viwili, mzee aliyeinama na mbuzi mmoja mkubwa aliyetolewa nje. Wakamuuliza mtu ni yupi. Akatazama muda mrefu. Akakosea.

Mzee alirudi akampigia hesabu kwenye bonge la karatasi, kwa utaratibu, na mume anatafsiri. Picha ya darubini ni vitone. Ile ya kwao, kwa lenzi yake ya milimita 25, kwenye mita 260 kila kitone kinabeba eneo la kama sentimita 12 na nusu. Nguruwe mwenye kimo cha sentimita 60 anapata vitone vitano kutoka kwato hadi mgongoni. Mtoto aliyeinama, vitone saba. Tofauti ya nguruwe na mwanao, vitone viwili.

Kuna kipimo kilichotolewa na mtafiti wa jeshi la Marekani, John Johnson, tangu mwaka 1958, na mpaka leo watengenezaji wanakitumia. Kujua tu kwamba kuna kitu, vitone viwili vinatosha. Kujua ni kitu cha aina gani, mtu au mnyama, unahitaji kama vinane. Kujua hasa ni nini, kama kumi na tatu. Ile mita 1,200 ya kwenye tangazo haikuwa uongo. Kwa umbali huo mtu mzima aliyesimama anapata vitone vitatu. Tangazo lilisema "inagundua". Jamaa alisoma "inaona".

Na kukuza picha mara nne hakuongezi kitu, ni kama kuvuta picha ya Instagram kwa vidole viwili. Vitone ni vilevile. Kinachomsogeza mnyama karibu kwa kweli ni lenzi ndefu. Hata kihisi cha bei mbaya, ile ya 640 wanayovimba nayo watu, ukiifunga na lenzi ileile inakupa uwanja mpana zaidi wa kutazama, lakini mnyama anabaki na vitone vilevile. Ongeza ukungu wa usiku ule, hata hivyo vitano vinayeyuka.

Mke akasikiliza yote. Halafu akauliza swali moja, na wote wawili, mume na mzee, walikosa pa kutazama.

"Sawa, haionyeshi. Nimeona mwenyewe haionyeshi. Sasa kama haionyeshi, kidole chako kilifuata nini pale?"

Jamaa hakuwa na jibu. Anasema mpaka leo hana. Angeweza kusema mbuzi, lakini mke alikuwa ameona kwamba video ilianza kurekodiwa kabla.

Mzee akaongezea lake moja tu. Alimuuliza jamaa usiku ule alikuwa anatafuta nguruwe kwa kutumia nini. Kwa darubini. Na darubini ilikuwa wapi? Juu ya bunduki. "Basi kila ulichokitazama usiku ule ulikuwa umekilenga. Banda ulililenga. Nyumba ya mwanao uliilenga."

ALICHOBADILISHA

Darubini iliuzwa, dola 1,300. Akaongezea kidogo akanunua nyingine ya joto ya kushika mkononi, haifungwi kwenye bunduki, ina lenzi ya milimita 35. Hiyo ndiyo ya kutafutia. Unatembeza macho shamba zima bila mtutu kuelekea kwa mtu. Kwenye bunduki amerudisha darubini ya kawaida na taa. Joto likionekana, anasogea mpaka ndani ya mita 90, ambako kwa lenzi ile nguruwe anapata karibu vitone ishirini. Hapo anawasha taa. Akikimbia, akimbie. Jirani mwingine anatumia ya kidijitali yenye miale badala ya taa, na kanuni ni hiyohiyo: joto linakuita, sura ndiyo inakuruhusu.

Safari hii alinunua akiwa anajua cha kuuliza. Alikataa kununua kwa picha za mtandaoni, akaenda dukani, akaomba kutoka nje nayo jioni, akamtazama mhudumu aliyeinama kwenye maegesho. Akaangalia picha inavyofuata kitu kinachokimbia, kwa sababu zile za picha 9 kwa sekunde zinarukaruka, za 50 zinateleza. Akaangalia kama lenzi inarekebishika kwa mkono na kama betri ni zile za kuchaji unazoweza kubadilisha mwenyewe kwenye baridi. Na lile neno "inagundua" kwenye boksi alilipita kama hakuliona.

Upande wa banda na trela ni marufuku kuelekeza bunduki, nguruwe awepo asiwepo. Nguzo mbili zimepakwa rangi kuonyesha mpaka. Simu haizimwi tena sauti, na kijana haruhusiwi kutoka mpaka baba ajibu. Ujumbe tu hautoshi, lazima ujibiwe.

Na kazi kubwa siku hizi haifanywi na bunduki kabisa. Yeye na mzee wamejenga zizi la mtego, la duara, wanaweka mahindi wiki nzima mpaka kundi lizoee, halafu geti linaanguka likiwa limeingia lote. Wataalamu wa kilimo wa Texas wamelisema hilo miaka mingi: ukipiga mmoja, wengine wanatawanyika na kurudi wajanja zaidi. Lakini mtego hauna kipande cha status.

Status zenyewe zimekoma. Washkaji wakiuliza komando yuko wapi, anatuma picha ya mbuzi.

Mke amerudi nyumbani. Nyumba ya mama mkwe imepauliwa mwezi wa nne, bati za rangi ya damu ya mzee, kwa hela iliyotokana na lori, hakuna aliyesubiri Idi. Kijana ameambiwa ukweli na baba yake mwenyewe, mezani, mbele ya mama. Alitaka kuiona video. Aliiangalia akacheka kidogo, "huyo ni mimi?", halafu akaacha kucheka. Baadaye akaenda kukaa kwenye ngazi za nje peke yake, na baba akamfuata, wakakaa huko mpaka magharibi.

Kitu kimoja bado hakijaisha. Jamaa ameomba mara nyingi ile video ifutwe. Mke hataki. Ameitoa kwenye tableti ya watoto lakini ameihifadhi kwenye simu yake, na hasemi ataifuta lini. Mume anasema kila akiiona ile simu mezani tumbo linamkata. Mke anasema ndiyo maana.

Haya wadau, mnasemaje? Mama huyu ana haki ya kuitunza, au msamaha wenye kumbukumbu kwenye simu si msamaha? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.